Presha ya kurithi: kwetu wanayo, je, na mimi?

Daktari, mama ana presha, na bibi alipata kiharusi kwa sababu hiyo hiyo. Nina miaka 29, naishi Chamwino. Nitaipata tu?

Si lazima, dada, ila hatari yako ni kubwa kuliko ya mtu ambaye kwao haipo. Tafiti za familia na mapacha zinaonyesha kuwa vinasaba huchangia takriban asilimia 30 hadi 50 ya tofauti za presha baina ya watu. Kwingine kote ni chumvi, uzito, pombe, kukaa bila mazoezi na mengineyo ya maisha.

Je, kuna jeni moja ya presha nikapime?

Kwa walio wengi, hapana. Zimeshajulikana sehemu zaidi ya 1,000 za vinasaba zinazohusiana na presha, na kila moja huipandisha kidogo mno. Mtu akirithi nyingi kwa pamoja, ndipo zinapojumlika. Magonjwa ya jeni moja, kama ule wa Liddle, yapo lakini ni nadra.

Jeni hizo zinafanya nini mwilini?

Nyingine hukaza mishipa ya damu. Nyingine hugusa figo, na hapa ningependa uniskilize vizuri. Figo ndizo huamua kiasi gani cha sodiamu, madini yaliyomo kwenye chumvi, kitoke na mkojo na kipi kirudi kwenye damu. Waliorithi figo zinazoing'ang'ania sodiamu hubaki pia na maji mengi, damu huongezeka, presha hupanda. Ndiyo maana watu wawili hula mboga ya chungu kimoja, mmoja akapanda presha na mwenzake asipande.

Sasa tazama mboga yenyewe. Wengi huku kwetu wameshapunguza chumvi, na nawapongeza, lakini mlenda na maharage bado vinatiwa magadi. Magadi nayo ni sodiamu! Shirika la Afya Duniani linashauri chumvi isizidi gramu 5 kwa siku, sawa na kijiko kimoja cha chai, na ukishatia magadi umejiongezea sodiamu juu ya hiyo.

Ikiwa ni ya kurithi, dawa zitasaidia?

Zinasaidia sana. Mama asiache zake hata akijisikia mzima.

Mimi nianzie wapi?

Zahanati, wiki hii. Usingoje kichwa kiume, kwa kuwa presha mara nyingi haina dalili. Ikisoma 140/90 au zaidi, rudia siku nyingine. Kisha muulize mama alianza kuugua akiwa na umri gani, na umwambie mhudumu. Wadogo zako nao nenda nao.