Masafa ya mkato: filta ya sintesaiza inafanya nini hasa

Usiku wa Jumamosi pale Majengo, Dodoma, ukilala nyumba ya pili kutoka baa, wimbo huusikii. Unasikia besi tu: du, du, du. Mwimbaji, gitaa na matoazi vyote vimeishia kwenye matofali. Ukuta huo ni filta. Fundi wa sintesaiza, ala inayotengeneza sauti kwa umeme, hujenga ukuta kama huo kwa rezista (kizuia umeme) na kapasita (kihifadhi chaji), ila wake una kitasa cha kuusogeza.

Masafa ni idadi ya mitetemo ya sauti kwa sekunde, na masafa ya mkato ni pale ukuta unapoanza kushika. Yanatokana na thamani mbili tu: zidisha rezista (kwa omu) kwa kapasita (kwa faradi), zidisha tena kwa 6.28, kisha gawa 1 kwa jibu. Omu 10,000 na nanofaradi 10 (faradi 0.00000001) hukupa takriban hezi 1,592. Neno "mkato" linapotosha kidogo, maana hakuna kisu hapa, kuna mteremko. Kwenye masafa hayo volti imeshashuka hadi asilimia 71 hivi, na ukipanda zaidi inaelekea kupungua nusu kila masafa yanapoongezeka maradufu. Hizo ndizo desibeli 6 kwa oktavu. Kwa sikio la muziki ni mteremko wa kitoto. Filta ya Robert Moog, iliyopata hataza Marekani mwaka 1969, ina hatua nne mfululizo, hivyo inashusha desibeli 24.

Ukitaka kuisikia ikifanya kazi, usiijaribu kwa filimbi; haina mengi ya kuchujwa. Weka maiki mbele ya ilimba ya Wagogo, ile ala ya vyuma vinavyopigwa kwa vidole gumba, yenye utando wa buibui kwenye matundu yake. Teremsha mkato polepole. Mvumo wa utando ndio unaoaga kwanza, vyuma vinabaki vikilia peke yake, laini, kama vimefunikwa blanketi.

Kitasa cha pili ni rezonansi. Sauti iliyokwisha kuchujwa inageuzwa na kurudishwa mwanzoni, na kwenye mkato inafika ikiwa imelingana na inayoingia, basi zinatiana nguvu. Hatua nne huiacha hapo robo tu ya volti. Kwa hiyo ukiirudisha ikiwa imekuzwa mara nne, hasara yote imefidiwa na filta inaanza kupiga mluzi yenyewe bila kupewa kitu. Ni ndugu wa ule mlio wa maiki na spika ukumbini, ila huu unatafutwa.

Filta yangu ya kwanza, nilipoiwasha, ilinitolea baa ya Majengo. Besi tupu. Nikaanza na umeme: TL072, aisii (kipande kidogo chenye saketi ndani) inayokuza sauti, kwangu inataka volti +12 mguu wa 8 na -12 mguu wa 4. Upo. Mguu wa 1, bila sauti kuingia, ulisoma karibu na sifuri, kwa hiyo aisii ilionekana nzima. (Ungekwama karibu na 12 ningetafuta kiungo kilichoachia kati ya mguu wa 1 na wa 2.) Nikabadilisha waya, nikabadilisha hata spika, upuuzi mtupu. Mwisho nikavaa miwani. Kapasita zote nne zimeandikwa 104, nami nilitaka 103.

Tarakimu ya mwisho ni idadi ya sifuri za kuongeza, na jibu ni pikofaradi; 1,000 kati ya hizo ni nanofaradi moja. 103 ni nanofaradi 10. 104 ni 100. Kapasita ikizidi mara kumi, mkato unashuka mara kumi: hezi 159. Mluzi wa rezonansi nao ulikuwa chini mno, na ungenionyesha kosa mapema kama ningeusikiliza kabla ya kushika mita.

Nilizing'oa nikaweka za 103, na ilimba ikarudi na utando wake. Kilichobaki ni mkwaruzo kila nikizungusha kitasa. Huo hauna hesabu: ni vumbi letu, limeingia ndani ya potensiometa.