"Si nimeshagongewa muhuri?" Wanayokosea wasafiri wetu kuhusu pasipoti

Wiki hii pekee nimeisikia mara nne: "Kaka, pasipoti naiweka kwenye begi kubwa, picha si ninayo kwenye simu?" Kazi yangu ni kukatia watu tiketi na kuwajazia fomu za pasipoti hapa Mwanjelwa, Mbeya. Wateja wengi wanakwenda Lusaka, Lilongwe au Johannesburg kwa basi. Naandika ili atakayeniuliza tena nimpe asome, mimi nimalizie chai yangu.

"Ukishavuka mpaka, pasipoti imemaliza kazi. Picha inatosha."

Hapana. Hii ndiyo inayonichosha kuliko zote, kwa sababu wanaoiamini ni watu wazima wenye akili zao.

Kutoka Nakonde, upande wa Zambia wa mpaka wa Tunduma, hadi Lusaka ni kama kilomita 1,000. Utapita Isoka, Mpika, Serenje na Kapiri Mposhi, na njiani kuna vizuizi vya polisi. Kwenye baadhi yake utawakuta na watu wa uhamiaji. Taa za ndani zinawashwa, ofisa anapanda, anaanza siti za mbele. Sura yako anaitupia jicho tu. Kidole chake kinatafuta ukurasa wenye muhuri wa kuingia, asome tarehe na siku ulizopewa. Sasa ile picha uliyoipiga sebuleni Uyole wiki moja kabla ya safari ina muhuri gani? Inamwambia wewe ni nani. Haimwambii umeingiaje nchini kwake, na hilo ndilo alilopandia.

Kuna kijana alidhani amenipata: "Basi nitaipiga picha nikishagongewa." Sawa, na simu ikizima chaji huko Serenje? Hata isipozima, ofisa anataka hati yenyewe aishike na kuifunua. Nakala iliyogongwa muhuri wa wakili nayo ni vilevile. Nakala ina kazi yake: mwachie mtu nyumbani, nyingine iwe kwenye begi, ili pasipoti ikipotea upate pa kuanzia polisi na ubalozini. Kazi yake inaishia hapo.

Mama mmoja wa Kyela, mteja wangu wa siku nyingi, alikuwa na pasipoti halali na muhuri halali, vyote vikiwa ndani ya begi, begi likiwa kwenye buti chini ya magunia manne ya mchele. Kizuizini, saa nane usiku na mvua inanyesha, konda akaanza kushusha gunia moja moja huku abiria wanasonya. Pasipoti ikaja kupatikana katikati ya vitenge vilivyokunjwa. Aliporudi akanisimulia kisa kizima kana kwamba mwenye kosa ni konda. Nilimpa pole, lakini sikukubaliana naye.

Kwa wanaokwenda Afrika Kusini, mambo hayaishii barabarani. Sheria yao ya uhamiaji ya mwaka 2002, kifungu cha 41, inampa polisi au ofisa uhamiaji mamlaka ya kukutaka ujitambulishe. Asiporidhika, unaweza kuzuiwa hadi saa 48 wakati wanakuhakiki. Hata kama ulikuwa kwenye daladala zao unakwenda sokoni tu.

"Kitambulisho cha taifa cha NIDA kinatosha, wale ni ndugu zetu."

Najua inatoka wapi. Wanyamwanga wako Tunduma na wako Nakonde. Pale Kasumulu, mpakani na Malawi, Mnyakyusa na Mngonde wa ng'ambo ya Mto Songwe wanasikilizana bila mkalimani. Lakini undugu haugongwi muhuri. Wengine wamesikia kwamba Wakenya, Waganda na Wanyarwanda wanatembeleana kwa vitambulisho vya taifa. Ni kweli, wao kwa wao. Zambia na Malawi hazimo hata kwenye Jumuiya ya Afrika Mashariki. Tuko nao SADC, jumuiya ya nchi za kusini mwa Afrika. Viza hatuhitaji, ila pasipoti tunahitaji, na watu wanachanganya hayo mawili kila siku. Kama huna pasipoti na safari imekubana, nenda Uhamiaji ukaulizie hati ya dharura ya safari.

"Kuna kijana pale mpakani anagongesha haraka, mpe tu."

Usimpe. Kituo cha pamoja cha Tunduma na Nakonde kilizinduliwa mwaka 2019 ili umalize ya nchi zote mbili sehemu moja, sasa kinachokushinda kupanga foleni ni nini? Pitia madirisha yote mawili, la kutoka na la kuingia, na uihesabu mihuri kabla hujarudi kwenye basi. Foleni ikikuchanganya na saa ya simu ikarudi nyuma saa moja, haijaharibika. Zambia iko nyuma yetu.

"Mtoto nampakata, hahitaji chochote."

Anahitaji pasipoti yake mwenyewe, hata awe mgongoni.

"Huko mbali hawaangalii, ni kupanda tu."

Inategemea ni wapi. Uingereza hakuna sheria ya kukulazimisha utembee na kitambulisho kwenye basi. China, mgeni wa miaka 16 na kuendelea anatakiwa awe na pasipoti au kibali chake cha ukaazi mwilini, na tiketi ya treni inakatwa kwa namba ya pasipoti. India, wanakokwenda wagonjwa wetu, tiketi ya treni ya mtandaoni inaendana na kitambulisho halisi. Kwa hiyo ukinipa jina la mtaani nikukatie tiketi, nitakurudisha nyumbani ukalete pasipoti.

Pa kuiweka? Siyo mfuko wa nyuma wa suruali, siyo pochi ya kuning'iniza dirishani. Mpe fundi cherehani akushonee kifuko cha kuvaa ndani ya shati, zipu iwe ubavuni ili usifungue vifungo mbele ya ofisa. Ndani tia mfuko wa nailoni kwa ajili ya jasho na mvua. Na uende kwa fundi na pasipoti yenyewe akapimie. Mteja wangu mmoja alikadiria kwa kiganja, kifuko kikatoka kizuri sana, pasipoti ikagoma kuingia.