Mfuko wa ndani wa binbegi: yanayosemwa kuhusu kitambaa na ukweli wake

Binbegi za vitenge vya Kongo, yale mafuko makubwa laini ya kukalia, zinapendeza jamani, na hapa Kigoma kuanzia Mwanga mpaka Ujiji mafundi wanazishona vizuri tu, tatizo linaanzia ndani. Mtu anamaliza hela yote kwenye kitenge alafu ule mfuko wa ndani unaobeba punje, vile vipira vidogo vyepesi vya povu la plastiki, anaokoteza kitambaa chochote, na maneno yanayopitishwa madukani na kwa mafundi ndo yanazidi kumpoteza.

La kwanza hilo la "hakionekani, weka shuka la zamani". Shuka lililolaliwa miaka limeshalika pale katikati, linyanyue dirishani uone mwanga unavyopita. Sasa binbegi ni kitu cha kujitupia, uzito wote unashuka kwa mpigo mmoja, na ule mfuko ndo uliobeba punje. Likichanika mara moja tu utaokota punje mpaka chini ya kabati, maana ni nyepesi mno, karibu asilimia 98 ya punje ni hewa, ukipitisha fagio zinaruka.

Kuna hili lingine ambalo ndo linaharibu binbegi nyingi: eti kitambaa kizuri ni kisichopitisha kitu kabisa, kwa hiyo watu wanakimbilia kitambaa cha parashuti kilichopakwa plastiki au hata turubai, kwa hoja kwamba punje hazitatoka. Ni kweli punje hazitatoka, ila hewa nayo haitoki! Katikati ya punje kuna hewa nyingi, ukikaa inatafuta njia, ikikosa inasukuma mshono na mshono ndo unafumuka, na kabla haujafumuka binbegi yenyewe inakuwa ngumu inakurudisha juu, hailali na mwili wako. Kitambaa cha ndani kizuie punje lakini kipumue. Kujua ni rahisi, dukani kibane mdomoni upulize, pumzi ipite kwa shida kidogo. Ikigoma kabisa rudisha, ikipita bila kizuizi rudisha pia.

Hapo wengine wanarukia upande wa pili, "basi chandarua, kinapumua". Hapana, tafadhali. Punje mpya zina kama milimita 2 mpaka 5 lakini kadiri unavyokalia zinasagika na kusinyaa, zile ndogo zitapita kwenye matundu, na neti yenyewe haihimili kuvutwa. Alafu vyandarua vingi vinavyogawiwa vina dawa ya kuua mbu, na Kigoma na Tabora ni kati ya mikoa yenye malaria nyingi nchini, chandarua kikae kitandani. Vitambaa vya kuvutika kama vya jezi navyo ni hivyohivyo, ukikaa vinatanuka na nyuzi zinaachana.

"Kitambaa kizito ndo imara". Siyo lazima. Kuna vizito ambavyo nyuzi zake zimekaa mbalimbali, na kuna poplini au tetroni nyepesi ambayo nyuzi zimebanana kabisa na inafanya kazi nzuri kuliko hicho kizito. Angalia nyuzi, kivute kwa vidole viwili kila upande uone kama zinaachana. Kwenye kitambaa cha marekani, ile pamba isiyotiwa rangi, hapo uwe makini zaidi, ikiwa mpya ina wanga, inakuwa kavu, imenyooka, unaona imebana kumbe ni wanga, kwa hiyo nunua kipande kidogo kwanza, loweka, fua, anika, ndo ukipime. Isitoshe pamba inanywea, ukikata kabla ya kufua, siku ukiufua mfuko unarudi mdogo.

Udogo huo nao una dhana yake, watu wanasema wa ndani uwe mdogo ili uingie kirahisi. Ukiwa mdogo uzito wote unabebwa na mshono wake, kile kitenge kigumu cha nje kinabaki pambo tu. Ulingane na wa nje au uzidi kidogo.

Kwa mlioko Tabora, kiangazi kile hewa inapokauka kabisa, mkijaza punje kwenye mfuko wa poliesta au nailoni zitawaganda mikononi na kwenye nguo sababu ya umeme wa msuguano. Pamba au mchanganyiko wenye pamba nyingi ina nafuu, na kunyunyizia maji kidogo sana kabla ya kumimina kunasaidia.

Mshono mwambie fundi sindano iwe nyembamba na hatua ziwe fupi, sindano nene inaacha matundu kwenye kitambaa kilichobana. Apite mara mbili, ule wa pili ufunike ncha za kitambaa kwa ndani.

Na zipu, hapa ndo sitaki mtu apuuze. Wengi wanadhani zipu ya kawaida haina shida kwa sababu iko ndani. Nchini Marekani watoto walishafariki kwa kufungua zipu za binbegi, wakaingia ndani, wakavuta punje zikaziba njia ya hewa, na ndo maana kiwango chao cha usalama kinataka zipu isiyo na kishikio, mtoto asiweze kuifungua. Kwa hiyo kata kishikio cha zipu ya ndani na ya nje, au shona mdomo wa mfuko wa ndani moja kwa moja. Siku ya kuongeza punje unavuta zipu kwa klipu ya kubania karatasi, na watoto wawe chumba kingine mpaka umalize kufunga na kufagia.