Mfumo wa betri mbili kwenye gari la kambi: maana yake na jinsi unavyofungwa

Mfumo wa betri mbili ni mpangilio ambao gari linabeba betri ya pili mbali na ile ya kuwashia injini, na betri zote mbili zinachajiwa na altaneta moja (kifaa kinachozungushwa na injini na kuzalisha umeme), lakini ya pili haiwezi kamwe kuinyonya ya kwanza. Sehemu ya mwisho ya maelezo hayo ndiyo yenye uzito. Kuongeza betri na kuiunganisha na ya zamani kwa waya tu hakujengi mfumo wa betri mbili. Hapo umepata betri moja kubwa zaidi, na asubuhi zote mbili zitakuwa zimekauka pamoja.

Sababu ya kuzitenga iko ndani ya betri zenyewe. Betri ya kuwashia ina sahani nyingi nyembamba, kwa sababu kazi yake ni kumwaga mamia ya ampea kwa sekunde chache kisha kurudishiwa chaji mara moja. Ukiitumia kuendesha friji usiku kucha mpaka ishuke sana, sahani hizo huchakaa upesi. Mara chache tu za kukaushwa kabisa zinatosha kuimaliza. Betri ya matumizi ya muda mrefu ina sahani nene zinazostahimili kushuka na kupanda. Aina mbili zinazotumika zaidi kwenye magari ya kambi ni AGM, ambayo bado ni betri ya risasi na tindikali ila tindikali imenyonywa na mikeka ya nyuzi za kioo, na lithiamu ya LiFePO4.

Kabla ya kununua chochote, piga hesabu ya matumizi ya siku moja. Friji ya kambi ya lita 40 huvuta takribani ampea 4 kompresa ikiwa inazunguka, na kompresa haizunguki muda wote. Kwenye hali ya hewa ya joto la wastani chukua asilimia 40 ya siku. Hiyo ni 4 × 24 × 0.4, yaani kama ampea-saa 38 (Ah, ampea mara saa). Taa za LED za ampea 1 kwa saa 5 ni Ah 5. Simu mbili, pamoja na umeme unaopotea kwenye chaja, ni kama Ah 3. Jumla inakaribia Ah 46 kwa siku. AGM ya Ah 100 haifai kushushwa chini ya nusu mara kwa mara, kwa hiyo inakupa Ah 50: siku moja, basi. LiFePO4 ya Ah 100 inakubali kutoa Ah 80 au zaidi bila madhara, na ina uzito wa kilo kama 12 badala ya karibu 30. Joto likizidi, kompresa hufanya kazi muda mrefu zaidi na hesabu yote hupanda. Friji ndiyo inayoamua kila kitu hapa, taa ni mapambo.

Sasa, njia ya kuchaji. Kuna kifaa kinachokaa kati ya betri mbili, na hapo ndipo mafundi wanapotofautiana.

Njia ya kale ni relei, yaani swichi inayoendeshwa na umeme, inayofuata swichi ya ufunguo: ukiwasha gari inaunganisha, ukizima inakata. Inafanya kazi, ila inaunganisha hata pale betri ya kuwashia inapokuwa dhaifu na stata ndiyo inayohitaji umeme. Relei inayosoma volti ni bora kuliko hiyo. Inasubiri volti za betri ya kwanza zifike kama 13.3, dalili kwamba altaneta inachaji, ndipo inaunganisha. Zikishuka hadi kama 12.8 inakata. Kwa gari la zamani lenye altaneta ya volti 13.8 hadi 14.4 isiyobadilika, pamoja na betri ya pili ya AGM iliyo karibu, relei hii ni rahisi na haina mambo mengi ya kuharibika.

Tatizo ni magari mapya. Mengi yana altaneta inayoongozwa na kompyuta: betri ya kwanza ikishajaa, kompyuta inashusha volti ili kuokoa mafuta, wakati mwingine chini ya 12.8, kisha inazipandisha ghafla karibu na 15 unapoachia mwendo. Relei inaona volti zimeshuka, inakata katikati ya safari. Mwenye gari anaendesha saa sita, anafika kambini, betri ya pili ina nusu, analaumu betri. Kwa magari hayo, na kwa betri yoyote ya lithiamu, tumia chaja ya DC-DC. Hii inachukua volti zozote zinazokuja na kuzipandisha au kuzishusha hadi kiwango ambacho betri ya pili inataka, kwa hatua: kwanza ampea zote inazoweza, halafu volti za juu zisizobadilika wakati ampea zinapungua, mwisho volti za kuitunza. Kwenye gari la altaneta ya kompyuta, chaja inahitaji pia waya mwembamba wa ishara kutoka kwenye swichi ya ufunguo, ili ijue injini imewashwa hata volti zikiwa chini. Waya huo ukisahaulika, chaja italala muda mwingi wa safari.

Kuhusu lithiamu kuna jambo la kusisitizwa. Ukinzani wake wa ndani ni mdogo mno, hivyo ukiiunganisha moja kwa moja na altaneta inavuta ampea nyingi kadiri inavyopewa. Altaneta ikilazimishwa kutoa karibu uwezo wake wote gari likiwa limesimama, injini na feni ya altaneta zikizunguka polepole, inaungua. Chaja ya DC-DC ya ampea 25 inaweka kikomo, na hilo peke yake linatosha kuhalalisha bei yake. Pia lithiamu haichajiwi ikiwa chini ya nyuzi 0 za selsiasi. Hakikisha kifaa cha ulinzi kilicho ndani ya betri kinakata chaji kwenye baridi hiyo.

Nyaya ndizo zinazoharibu mifumo mingi kuliko kifaa kingine chochote. Chukua betri ya pili iliyoko nyuma, mita 6 kutoka kwenye ya kwanza. Umeme unakwenda na kurudi, hivyo ni mita 12 za shaba. Kwa ampea 30, waya wa milimita 16 za mraba unapoteza kama volti 0.4. Waya wa milimita 6 za mraba unapoteza zaidi ya volti 1: altaneta inatoa 14.2, nyuma inafika kama 13.1, na betri inajaa kwa kudondokewa. Chaja ya DC-DC inaweza kufidia upungufu huo kwa kuvuta ampea zaidi, lakini joto linabaki kwenye waya. Angalia vizuri lebo unaponunua: baadhi ya nyaya za magari zinatajwa kwa kipenyo cha nje pamoja na plastiki, na waya ulioandikwa "6 mm" unaweza kuwa na shaba ya milimita 4.6 za mraba tu.

Fyuzi hulinda waya, si kifaa. Kwa hiyo inakaa karibu na chanzo cha umeme, ndani ya sentimita 20 au 30 kutoka kwenye kichwa cha chanya cha betri. Na hapa kuna kosa la kawaida sana: waya unaounganisha betri mbili una vyanzo viwili, kila ncha na betri yake. Ukiweka fyuzi upande mmoja tu, waya ukichubuka na kugusa bodi, fyuzi hiyo inaungua lakini betri ya upande wa pili inaendelea kuumwagia moto. Weka fyuzi mbili. Kwa chaja ya ampea 25 watengenezaji wengi wanataka fyuzi ya ampea 40. Kwa ya ampea 40, fyuzi ya 60. Fuata karatasi ya chaja yako.

Kufunga kwenyewe kunakwenda hivi. Fungua kwanza hasi ya betri ya kuwashia. Funga betri ya pili kwa mkanda wa chuma na boliti zinazoshika bodi au fremu; kilo 30 zikiachiwa huru kwenye barabara ya mashimo ni nyundo. Chini ya boneti si mahali pa lithiamu, na AGM nyingi pia hazipendi joto la huko. Ikiwa betri ya pili ni ya maji ya tindikali, isikae ndani na abiria, maana hutoa gesi ya haidrojeni inapochajiwa. Pitisha waya ndani ya bomba la plastiki lenye mikunjo, mbali na bomba la moshi, na kila tundu la bati liwe na mpira wa kuzungushia. Vichwa vya nyaya vibanwe kwa koleo la haidroli; kubana kwa nyundo kunaonekana imara siku ya kwanza, kisha kutu inaingia. Funga chaja kwenye bati tupu lenye hewa, karibu na betri ya pili, si karibu na ya kwanza. Fyuzi ziwekwe mwisho kabisa.

Upande wa hasi usidharauliwe. Pale waya wa hasi unapofungwa kwenye bodi, kwangua rangi hadi chuma king'ae, au rudisha waya mzima wa hasi wenye unene uleule. Gari lenye kisomaji cha chaji kwenye kichwa cha hasi cha betri ya kwanza, unganisha hasi yako kwenye bodi, si juu ya kichwa hicho, la sivyo kompyuta haitaona umeme unaopita na itakosea hesabu ya chaji. Winchi (mashine ya kuvutia gari lililokwama) ibaki kwenye betri ya kuwashia. Inaweza kuvuta ampea 400, na relei ya kuchaji haikutengenezwa kwa hilo.

Ukimaliza, pima. Injini ikiwa imewashwa na betri ya pili ikiwa imeshuka, weka ncha moja ya multimita kwenye chanya ya betri ya kwanza na nyingine kwenye chanya ya kuingilia ya chaja. Namba unayoisoma ndiyo volti zinazopotea njiani. Fanya vivyo hivyo kwa hasi. Upande wowote ukizidi 0.3, tafuta kiungo kilicholegea au waya mwembamba.

Malalamiko yanayojirudia zaidi ni friji kuzimika usiku ilhali betri inaonyesha volti 12.4. Mara nyingi betri haina kosa. Friji imechomekwa kwenye soketi ya kiberiti ya kiwandani yenye waya mwembamba. Kompresa ikianza, volti zinaanguka kwenye waya, friji inaona 11 na kidogo, kinga yake inakata. Vuta waya wake peke yake wa milimita 6 za mraba kutoka kwenye betri ya pili, wenye fyuzi ya ampea 15, na utumie plagi inayojifunga.

Lingine ni safari fupi. AGM iliyopungukiwa Ah 50 haijai kwa saa mbili za chaja ya ampea 25, ingawa hesabu inaonekana hivyo. Asilimia 20 za mwisho huingia polepole na zinaweza kuchukua saa kadhaa. Nusu saa ya kwenda kuchota maji inarudisha Ah 12 kwa bahati nzuri. Ukikaa kambi moja siku tatu bila kuendesha, paneli ya sola ya wati 100 kwenye jua zuri inaongeza Ah 25 hadi 30 kwa siku, yaani kidogo zaidi ya nusu ya tulichohesabu. Weka wati 200.