Pochi ya Ngozi: Yanayosemwa Sokoni na Yaliyo Kweli

"Hii leza orijino, dada yangu, choma uone." Ukizunguka kwenye meza za pochi Soko la Machinga hapa Dodoma, maneno kama hayo hayakosekani. Kiberiti kinawashwa, mwali unapitishwa haraka juu ya pochi, pochi haishiki moto, mteja anatoa hela. Baada ya miezi kadhaa mkanda unaanza kumenyuka kama ganda la kitunguu.

Mwali unaopita haraka hauunguzi kitu, kiwe ngozi ama plastiki, kwa sababu joto halijapata muda wa kuingia. Ukiushikilia, ngozi halisi nayo huungua, tena kwa harufu ya nywele, maana ni protini kama nywele zenyewe. Na harufu hiyo bado si ushahidi. Kuna ngozi ya kusaga, yaani mabaki ya ngozi yaliyosagwa na kugandishwa kwa gundi na plastiki. Ukiichoma inanuka nywele vilevile, ila haina uimara wa ngozi nzima. Kwa hiyo kiberiti hakitofautishi vizuri, kinachofanya ni kuacha doa.

Tumia macho na vidole. Tafuta mahali ilipokatwa: tundu la mkanda, mwisho wa kamba, ndani ya mfuko mdogo usio na bitana. Ngozi inaonyesha nyuzinyuzi zilizosokotana, hazina mpango, kuanzia juu hadi chini. Ngozi bandia inaonyesha kitambaa kilichofumwa, juu yake utando mwembamba wa plastiki. Kisha angalia vinyweleo. Vya mnyama havilingani. Vya kiwandani hujirudia kwa mpangilio uleule. Hapo pia uwe makini, kwani hata ngozi halisi hupigwa chapa ya mashine, na kingo zake zikipakwa rangi huwezi kuona nyuzi. Ukibaki na shaka, mwonyeshe fundi viatu kabla ya kulipa. Yeye anajua sindano inavyopita kwenye ngozi na inavyopita kwenye plastiki.

Wapo wanaorudisha pochi ya ngozi mezani kwa sababu ina kovu, wakachukua ile laini isiyo na alama hata moja. Hili linaniuma. Ng'ombe wa Bahi, Chamwino na Kongwa wanalishwa kwenye miiba na wanaumwa na kupe. Mkwaruzo uliopona ni kumbukumbu ya maisha yake, haupunguzi nguvu ya pochi. Kinachodhoofisha ngozi ni kisu cha mchunaji kilichochimba upande wa ndani, na kinachoishusha thamani sana ni chapa kubwa ya moto iliyopigwa ubavuni, pale penye eneo zuri la kukata. Chapa hiyo ingepigwa shavuni au chini mguuni, ubavu ungebaki mzima. Nchi hii ina ng'ombe zaidi ya milioni 30, na bado pochi nyingi tunazobeba kwenda kazini ni plastiki iliyosafiri kutoka China. Tukianza kudai ngozi, makovu yake yakiwemo, mchunaji na mfugaji nao watakuwa na sababu ya kuitunza.

Dhana nyingine inawagharimu zaidi wanaopenda kutunza vitu: pochi ikikaa kabatini bila kutumika, itadumu. Kwa ngozi bandia ya poliyurethani si kweli. Plastiki hiyo huvunjwa taratibu na unyevu wa hewani pamoja na joto, iwe begani au kabatini. Unaiweka kwa ajili ya harusi na sikukuu, siku unaitoa inanata na kubanduka. Hajakuroga mtu. Hewa kavu ya Dodoma inachelewesha jambo hilo kuliko hewa ya Dar es Salaam, lakini hailizuii. Ndiyo maana pochi ya mtumba ya aina hiyo ni kamari: inaweza kuwa imeshamaliza miaka yake kwenye kabati la Ulaya. Ikunje pale mpini unaposhonewa. Ikitoa mistari ya nyufa au ikinata, iache. Ya ngozi halisi ya mtumba ni habari nyingine kabisa, mara nyingi inaishinda mpya.

Kwa kuwa alizeti ni zao letu, hapa na Singida, watu hupaka pochi mafuta ya kupikia kiangazi kinapoikausha. Siku mbili tatu inapendeza. Halafu mafuta yanachacha, yanageuka ulimbo na kushika vumbi lote la mji huu. Futa vumbi kwanza kwa kitambaa laini chenye unyevu kidogo, kisha paka krimu ya ngozi au kiwi isiyo na rangi. Sabuni ya unga usiiguse: ina magadi mengi, na ngozi huhitaji kubaki na asidi kidogo. Ikilowa, ikauke kivulini. Juani hukakamaa.

Na ile "mifuko mbadala" tuliyoipata baada ya mifuko ya rambo kupigwa marufuku tarehe 1 Juni 2019, wengi wanaiona ni kitambaa. Ni polipropilini, plastiki nayo. Kinachotakiwa ni iwe na uzito usiopungua gramu 70 kwa mita ya mraba ili itumike tena na tena, kwa hiyo usiitupe baada ya safari moja ya sokoni.

Wanasema pia pochi ikiharibika imekwisha. Iliyomenyuka, ndiyo, hata ukiipaka rangi, utando utaendelea kubanduka. Ya ngozi hushonwa upya, hubadilishwa mkanda, hutiwa rangi. Hata zipu isiyoshika, mara nyingi meno yake ni mazima na kilicholegea ni kichwa tu. Fundi hukibana kidogo kwa koleo, kikikataa anaweka kingine.