Kibubu Kilichofungwa Hakimfundishi Mtoto Kuweka Akiba

Kwa mara nyingine wiki hii, mzazi amenieleza kwa fahari kwamba mwanawe wa miaka sita amekwisha kujua kuweka akiba, kwa sababu ana kibubu kizito ambacho haruhusiwi kukigusa. Nimefundisha madarasa ya chini kwa miaka mingi na bado kauli hiyo hunikera. Mtoto huyo amejifunza tu kwamba sarafu ikipita kwenye tundu haionekani tena.

Akiba ni kuahirisha matumizi kwa ajili ya kitu ambacho mwenye fedha amekichagua mwenyewe. Kwa umri huo, lengo lifikiwe ndani ya wiki mbili au tatu, chombo kiwe kinachoonyesha kilichomo, na hesabu aifanye mtoto kwa mkono wake.

Linaloniudhi zaidi ni mtu mzima anayechukua fedha za kibubu siku ya dharura, akaahidi kuzirudisha, kisha akasahau, na baadaye akalalamika kwamba mtoto hana subira. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2013, Celeste Kidd na wenzake wa Chuo Kikuu cha Rochester, Marekani, waliwapima watoto 28 wa miaka mitatu hadi mitano: kila mmoja aliahidiwa peremende ya pili iwapo angesubiri dakika 15 bila kula ya kwanza. Waliokuwa wametimiziwa ahadi za awali na mtafiti walisubiri kwa wastani wa dakika 12, na waliovunjiwa ahadi walisubiri dakika tatu tu. Jaribio ni dogo, lakini linalingana na ninayoyaona darasani, ambako mtoto aliyewahi kudhulumiwa akiba yake hutumia haraka kila anachopata, na kwa uzoefu wake ana haki ya kufanya hivyo.

Shaka yangu iko kwa watoto wasiopewa fedha kabisa. Hao mimi huwapa vibandiko vya kukusanya na kubadilisha kwa penseli au kitabu cha hadithi, nao husubiri vizuri, ila sina hakika kwamba subira ya vibandiko huhamia kwenye fedha.

Siku ya kufungua chombo humwachia mtoto anunue alichokusudia, hata kama mimi nakiona hakina maana, na akijuta, tunaketi pamoja kuchagua lengo jingine.