Je, wajua kwa nini kiungio cha haraka huchaguliwa kwa namna kinavyoachana?

Shika mpira wa kompresa, vuta pete ya kiungio nyuma, na nipo, ile ncha ya chuma iliyoingia ndani yake, inachomoka kwa "pss!" moja fupi. Basi. Upande wa kompresa presha imebaki ileile, baa saba au nane, wala hakuna aliyefunga koki. Nani kafunga? Na kwa nini ukifanya hivyohivyo kwenye mtambo wa haidroliki, unaoendeshwa kwa mafuta yenye presha, unaweza kuondoka na shati limelowa mafuta, na kwenye bomba la kupakulia kemikali ukaondoka kwa machela?

Tuanze na kinachoshika. Kiungio cha haraka kina vipande viwili: dume, ambalo ndilo nipo, na jike linalolipokea. Mdomo wa jike umezungukwa na vitundu, na katika kila kitundu imekaa gololi ya chuma. Juu ya gololi hizo kuna pete inayosukumwa na springi. Ukiivuta pete, gololi zinapata nafasi ya kujitenga na dume linapita. Ukiiachia, pete inarudi na kuzibana gololi ndani ya mfereji uliochongwa kiunoni mwa dume. Presha ikitaka kuvitenganisha vipande hivyo, mzigo wote unaangukia gololi. Ukikifungua kimoja na kukitazama ndani utashangaa jinsi ufundi mdogo kiasi hicho unavyofanya kazi kubwa.

Lakini kushika, karibu viungio vyote vinajua. Mnunuzi akifika dukani huuliza ni inchi ngapi na baa ngapi, na si maswali mabaya. Mimi ningetanguliza jingine: vipande viwili vikiachana, kilichomo ndani kiende wapi?

Kuna mahali ambapo jibu ni "kimwagike tu". Mabomba ya maji ya kupoza kalibu za plastiki, au ya kuoshea sakafu ya kiwanda, mara nyingi hutumia kiungio kisicho na valvu yoyote, yaani mlango wa ndani unaojifunga. Ni tundu wazi toka mwanzo hadi mwisho, na maji yanapita bila kipingamizi. Unafunga koki kwanza, unachomoa, yaliyobaki yanadondoka chini. Kulipia valvu hapo ni kutupa fedha.

Kwa hewa, kawaida valvu huwa upande mmoja tu, ndani ya jike. Ndiyo maana jike hukaa upande wa kompresa na nipo hukaa kwenye kifaa. Ukigeuza mpangilio huo, siku utakapochomoa, hewa yote ya kompresa itatoka kupitia nipo isiyo na mlango, na mpira utaanza kujipigapiga hewani kama nyoka aliyekanyagwa. Hata mpangilio ukiwa sahihi, hewa iliyobaki upande wa kifaa inaweza kuirusha nipo usoni mwa mtu. Kwa hiyo kuna viungio vya usalama vinavyofunguka kwa hatua mbili: kwanza hewa inapumuliwa nje huku dume bado limeshikwa, halafu ndipo linaachiwa.

Haidroliki ndiyo yenye mambo. Huku valvu huwekwa pande zote mbili, kila upande ukijifunga wenyewe. Aina ya zamani ina valvu mbili zenye vichwa vya umbo la koni vinavyosukumana. Tatizo lake ni kachumba kadogo kanakobaki kati ya vichwa hivyo. Vipande vikiachana, mafuta yaliyokuwa humo hayana pa kwenda ila chini. Vikiunganishwa tena, kachumba kamejaa hewa na vumbi, na vyote viwili vinaingia kwenye mfumo. Mililita chache, utasema. Zidisha kwa mara unazobadilisha kifaa kwa siku, kisha fikiria punje moja ya mchanga ikisafiri hadi kwenye pampu.

Dawa yake ni kiungio cha uso bapa, ambacho vipimo vyake vimewekwa na kiwango cha ISO 16028. Nyuso za dume na jike zinakutana zikiwa sawia kabisa, bila shimo katikati. Vikiachana kinabaki kiwambo chembamba cha mafuta ambacho unakifuta kwa kitambaa, na kabla ya kuunganisha unafuta tena vumbi. Ni ghali zaidi, lakini kwa mashine inayobadilishiwa vifaa kwenye tope na vumbi sioni hoja ya kubana matumizi. Wazo hilohilo la kutomwaga tone ndilo linalotumika kwenye kompyuta kubwa zinazopozwa kwa kimiminika, ambako pembeni ya kiungio kuna umeme.

Hapo kuna mtego unaowasumbua hata wazoefu. Kifaa cha haidroliki kimechomolewa asubuhi kukiwa na baridi, kikalazwa juani, mafuta yamefungiwa ndani. Mafuta yakipata joto hutanuka kuliko chuma kilichoyazunguka, na presha inapanda. Mchana fundi anarudi kuunganisha, kiungio kinagoma. Tuseme uso wa valvu una eneo la sentimita 1 ya mraba na ndani mna baa 100. Fundi huyo anashindana na nguvu ya nyutoni 1,000, ni kama kuinua mzigo wa kilo mia moja hivi. Wengi hapo huchukua nyundo na kuigonga valvu ili mafuta yapumue. Usifanye hivyo. Mchirizi mwembamba wa mafuta yenye presha unaweza kupenya ngozi. Jeraha huonekana dogo kama la sindano, mtu akalipuuza, kumbe mafuta yametapakaa ndani ya mkono na anahitaji upasuaji wa haraka. Njia ya kistaarabu ni kutoa presha kabla ya kuchomoa. Ikiwa mazingira ya kazi hayaruhusu, nunua kiungio chenye njia ndogo ya ndani ya kupunguza presha, au kile kinachofungwa kwa kuzungusha nyuzi kama za skrubu, maana nyuzi zinakuzidishia nguvu ya mkono.

Kiungio cha nyuzi kina sifa nyingine pia. Gololi hugusa mfereji wake kwa nukta tu. Kwenye mtambo unaopiga presha kwa mishtuko, panda shuka maelfu ya mara, nukta hizo huchimba vijidimbwi kwenye chuma. Dume linaanza kucheza, sili inasagika, mafuta yanavuja. Baa zilizochapwa ubavuni hazitakuambia habari hiyo. Uliza presha hiyo ilipimwa ikiwa tulivu au ikiwa inapigapiga, na ilipimwa vipande vikiwa vimeungana au vimeachana, kwa sababu namba zinaweza kutofautiana.

Sili sasa. Weka kiganjani oringi tatu nyeusi, yaani pete za mpira zinazozuia mvujo: moja ya nitrili, moja ya EPDM, moja ya FKM, zote aina za mpira wa kutengenezwa. Kwa macho ni mapacha. Nitrili inapatana na mafuta ya madini. EPDM inapenda maji ya moto na mvuke, lakini ukiitia kwenye mafuta hayohayo ya madini huvimba kama sifongo hadi valvu inakwama. FKM hustahimili petroli na joto la karibu nyuzi 200 za Selsiasi, lakini asetoni huiharibu, na si kila aina yake inayostahimili mvuke. Kwa hiyo anayebadilisha oringi kwa kuchagua tu inayoenea, amefanya nusu ya kazi.

Metali nazo zina maadui zao. Shaba njano inafaa kwa hewa na maji, ila amonia huipasua nyufa. Shaba na gesi ya asetilini zinaweza kuzaa mchanganyiko unaolipuka. Alumini ni nyepesi na inapendwa kwenye viungio vikubwa vinavyofungwa kwa mikono miwili ya chuma iliyo pembeni, lakini soda kaustiki huila. Hata chuma kisichoshika kutu hutobolewa na kloridi, hasa kukiwa na joto.

Kuhusu mtiririko, nitasema moja tu: ukiongeza kasi maradufu, presha inayopotea ndani ya kiungio huongezeka karibu mara nne. Viungio viwili vya inchi moja vinaweza kuwa na koo tofauti kabisa.

Limebaki swali la kipi kiingiane na kipi. Februari 1904 moto uliteketeza katikati ya jiji la Baltimore, Marekani, kwa takriban saa 30, na majengo zaidi ya 1,500 yakaungua. Zimamoto walikuja kutoka Washington, Philadelphia na miji mingine, wakakuta viungio vingi vya mipira yao havishikani na mabomba ya Baltimore. Kumbe tangu 1882 Guido Storz alikuwa amekwisha kubuni kiungio kisicho na dume wala jike, ambacho kila ncha hushikana na nyingine ya ukubwa wake.

Ukiishia hapo utaamua kwamba kila kitu kiingiane na kila kitu. Ila Oktoba 2016, katika kiwanda kimoja mjini Atchison, Kansas, gari la tangi lilileta asidi ya sulfuriki. Mdomo wa kupokelea asidi na ule wa hipokloriti ya sodiamu ilikuwa jirani na ilifanana. Mpira wa asidi ukaunganishwa kwenye mdomo wa hipokloriti, na hakuna kilichoukataa. Kemikali hizo zilipochanganyika, wingu la gesi ya klorini, ambayo ni sumu, lilitanda juu ya mji, na watu zaidi ya 140 walitafuta matibabu. Wachunguzi wa Bodi ya Usalama wa Kemikali ya Marekani walishauri, pamoja na mengine, kila kemikali iwe na kiungio chenye umbo na ukubwa wake.

Viungio vya namna hiyo vipo. Baadhi vina pini na mifereji iliyopangwa kama meno ya ufunguo, dume moja kwa jike moja. Kero yake ni kwamba dume likipotea huwezi kuazima kwenye mtambo wa pili, kwa hiyo agiza la akiba siku hiyohiyo na ulifungie kabatini likiwa na jina la kemikali yake.